Jinsi Rangi ya Unga Ilivyoingia Viwandani

Rangi ya mafuta inayopakwa kwenye chuma ina sehemu mbili: ile inayobaki juu ya chuma, na ile inayopotea hewani. Inayopotea ni thina na viyeyusho vingine. Kazi yake ni kuilainisha rangi ipate kupakika, kisha ikikauka inakwenda zake. Mnunuzi huzilipia zote mbili, na hiyo ya pili huishia mapafuni mwa fundi. Historia ya rangi ya unga ni ya watu waliojiuliza kama kweli hiyo ya pili inahitajika.

Jibu la kwanza lililofaa lilitoka Ujerumani Magharibi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na majaribio ya kurusha unga wa plastiki kupitia ndimi za moto ili uyeyuke na kunata kwenye chuma, lakini kazi ilitoka na mabonge, hapa nene, pale nyembamba. Mwezi Mei 1953, Erwin Gemmer wa kampuni ya Knapsack-Griesheim aliomba hataza ya njia nyingine kabisa. Alichukua tangi lenye sakafu ya vitundu vidogo mno, akalijaza unga wa plastiki, akapuliza hewa kutoka chini. Unga ulianza kutokota kama uji jikoni, ingawa ulikuwa mkavu. Kipande cha chuma kilichokwisha kupashwa moto kilizamishwa humo kwa sekunde chache. Kila chembe iliyogusa chuma iliyeyuka, na chuma kikatoka kimevikwa ngozi ya plastiki kila upande, bila hata tone la thina. Wazo la kupitisha hewa katikati ya chembe hadi zitembee kama maji halikuwa lake: Mjerumani mwenzake, Fritz Winkler, alilitumia katika makaa ya mawe miaka ya 1920. Gemmer alilihamishia kwenye upakaji. Mwaka 1958 alipata hataza ya Marekani pia.

Kati ya unga uliofaa kwa tangi hilo ulikuwemo wa nailoni 11 kutoka Ufaransa, uliouzwa kwa jina la Rilsan. Nailoni hiyo hutengenezwa kwa mafuta ya nyonyo. Mbarika, mmea unaotoa mbegu hizo, unadhaniwa kuwa asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika, na katika nchi zetu humea hata kando ya njia bila kupandwa na mtu. Mafuta yale yale ambayo mama zetu wametupaka nywele yamevika mabomba ya maji na vikapu vya mashine za kuoshea vyombo.

Tangi la Gemmer lilikuwa na mipaka yake. Ngozi iliyotoka humo ilikuwa nene, mara nyingi zaidi ya mikroni 200, na kitu kikubwa kilihitaji tangi kubwa kuliko chenyewe. Kwa bomba hilo si tatizo. Kwa mlango wa jokofu ni gharama isiyo na maana.

Hapo ndipo umeme ulipoingia. Mjini Grenoble, Ufaransa, profesa Noël Felici alikuwa bingwa wa mashine za umeme tuli, na kampuni ya Sames ilizaliwa kutokana na utafiti wa maabara yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Sames walileta bunduki ya kupulizia unga. Ncha yake hubeba umeme wa volti makumi ya maelfu, siku hizi hata 100,000. Chembe zikipita hapo hubeba chaji, na kwa kuwa chuma kimeunganishwa na ardhi, hukimbilia na kukishika, hata zile zilizopita pembeni huweza kugeuka zikashika mgongoni. Chuma hakihitaji tena kupashwa moto kwanza. Hupulizwa kikiwa baridi, kisha huingia kwenye oveni, unga ukayeyuka na kutandaa. Unga ulioanguka chini hukusanywa, ukachekechwa na kurudishwa kazini. Rangi ya kimiminika haifanyiwi hivyo kwa urahisi.

Lakini bunduki peke yake isingefika mbali bila unga wa kuifaa. Kwa maoni yangu, mtu anayestahili heshima kubwa kuliko wote katika historia hii ni mkemia Mholanzi Pieter de Lange. Alitaka unga wa epoksi ambao ukipata moto hauyeyuki tu kama wa Gemmer, bali hugeuka na kuwa mgumu moja kwa moja, usiyeyuke tena. Ndio uliowezesha utando mwembamba wenye nguvu. Shida ilikuwa kuchanganya. Ukichanganya epoksi, kigumishi na vitia rangi vikiwa vikavu, kila chembe inabaki kivyake: bunduki inapopuliza, hii inavutwa zaidi kuliko ile, na rangi inatoka na mabaka. Ukiviyeyusha pamoja kwenye sufuria ya kukandia, mchanganyiko unakaa kwenye joto muda mrefu mno na kuanza kuwa mgumu humo humo. Kati ya 1962 na 1964 de Lange alipata ufumbuzi katika ekstruda, mashine yenye parafujo inayokanda na kusukuma malighafi mbele. Mchanganyiko hupita kwenye joto kwa muda mfupi tu, ukatoka umeshikana, ukapoozwa, ukavunjwa na kusagwa. Tangu hapo kila chembe ya unga imebeba ndani yake kila kitu kinachohitajika. Hadi leo viwanda vya rangi ya unga vinafuata njia hiyo hiyo.

Teknolojia ilikuwa tayari, soko bado. Wenye viwanda walikuwa wameshanunua mitambo ya rangi ya kimiminika na hawakuona sababu ya kuiacha. Sababu ililetwa na sheria. Jiji la Los Angeles lilikuwa likisongwa na ukungu mchafu uliowasha macho, na Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Utrecht aliyefundisha California, alikuwa ameonyesha kwamba jua linapochoma mvuke wa petroli na kemikali za jamii hiyo, pamoja na moshi wa magari, ukungu huo ndio unaozaliwa. Mwaka 1966 mamlaka ya hewa ya Los Angeles ilipitisha Kanuni ya 66 kubana viyeyusho vinavyotoka viwandani. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa, na thina, mtoto wa mafuta, ikapaa nayo. Unga ukaanza kuonekana kuwa ndio njia ya nafuu.

Ubaya wa epoksi ni kwamba haivumilii jua. Hupauka na kutoa vumbi kama chaki. Miaka ya 1970 ilileta unga wa poliesta, na madirisha na mageti yakapata rangi ya nje inayodumu. Kigumishi chake kilichozoeleka, TGIC, kilikuja kujulikana kuwa ni sumu, na mwaka 1998 Ulaya ikaamuru unga wenye kemikali hiyo ubandikwe alama ya sumu. Viwanda vingi vikahamia kwenye kigumishi kingine.

Somo chungu zaidi lilitoka kwenye madaraja. Mwaka 1973, karibu na Philadelphia, daraja lilijengwa kwa nondo zilizovikwa unga wa epoksi zisipate kutu, na njia hiyo ikaenea haraka. Mwaka 1986 wakaguzi katika visiwa vya Florida Keys walikuta nondo za namna hiyo zimeliwa na kutu ndani ya nguzo za daraja la Long Key, lililokuwa halijatimiza hata miaka kumi. Katika joto la huko, maji ya chumvi yalikuwa yamepenya palipochubuka, na epoksi ikaachana na chuma.

Nalieleza hili kirefu kwa sababu Mombasa, Tanga, Zanzibar na Mtwara zina joto na chumvi kama Florida. Unga hushika kadiri chuma kilivyosafishwa. Qualicoat, chombo kilichoanzishwa Zürich mwaka 1986 kusimamia ubora wa aluminiamu ya majengo, kina kiwango maalumu kwa majengo ya kando ya bahari, na sharti lake kuu halihusu rangi hata kidogo: dawa ya kuoshea lazima iondoe angalau gramu 2 za aluminiamu kwa kila mita ya mraba kabla unga haujapulizwa.

Kwa hiyo msomaji wa Pwani unayeagiza madirisha au geti, usiridhike na kuchagua rangi kwenye kitabu cha sampuli. Muulize fundi anaosha kwa dawa gani na kwa hatua ngapi, oveni yake inafika nyuzi ngapi na kwa dakika ngapi. Unga mwingi wa poliesta unataka takriban nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20. Asiyeweza kukujibu, usimpe kazi.