Kamĩrĩĩthũ: Kijiji Kilichojijengea Jukwaa

Julai 1977, Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha wa Kenya, alizindua riwaya ya Petals of Blood katika ukumbi wa City Hall jijini Nairobi. Riwaya hiyo iliwaanika bila huruma vigogo waliotajirika baada ya uhuru kwa jasho la wenzao, na bado waziri wa serikali iliyokuwa ikisemwa mle ndani hakuona tabu kuipokea hadharani. Kabla mwaka haujaisha, mwandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa kizuizini. Kilichomponza si riwaya ile ya Kiingereza. Ni mchezo wa kuigiza uliosema karibu mambo yale yale, ila huu ulisemwa kwa Kikuyu, kwenye uwanja wa kijiji, na vibarua wa mashamba ya chai pamoja na wafanyakazi wa kiwandani.

Mchezo huo ulizaliwa katika Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii cha Kamĩrĩĩthũ, kilichoanza kazi mwaka 1976, nusu karne sasa. Kilidumu miaka sita tu. Serikali mbili zilijaribu kukinyamazisha, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikosea kujua nguvu ya kituo inatoka wapi.

Kijiji cha Hali ya Hatari

Kamĩrĩĩthũ iko Limuru, kilomita kama 30 kutoka Nairobi. Kijiji chenyewe ni zao la vita. Miaka ya 1950, chini ya Hali ya Hatari, Waingereza waliwang'oa watu kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwasonga pamoja ili wapiganaji wa Mau Mau wakose chakula na habari. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, waliokuwa na ardhi walirudi mashambani kwao, na wasio nayo wakabaki palepale. Ndio waliokuwa wakichuma chai kwenye mashamba makubwa ya jirani, wakishona viatu katika kiwanda cha Bata, wakichuuza sokoni, au wakishinda barazani kwa kukosa kazi.

Katikati ya kijiji palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengwa kwa shughuli za vijana, na juu yake jengo la udongo lenye vyumba vinne. Vijana wachache waliomaliza shule ya msingi walijifunza useremala humo. Jengo lilikuwa likibomoka.

Mapema mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea Ngũgĩ nyumbani kwake. Ngũgĩ alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na nyumba yake haikuwa mbali. Mama yule alitaka kujua kwa nini msomi kama yeye hawagawii wanakijiji kidogo cha elimu aliyo nayo, akamwomba aje wakifufue kituo. Wiki iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Hakuacha mpaka profesa alipokubali kwenda kukaa na kamati.

Ni vyema kulikumbuka hili kila historia ya Kamĩrĩĩthũ inaposimuliwa, kwa sababu mara nyingi inasimuliwa kana kwamba mwandishi mashuhuri aliwashukia wakulima na wazo lake. Wazo lilitoka kijijini, na ni kijiji kilichomfuata msomi na kumkalia kooni.

Ngumbaru ya aina nyingine

Kazi ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiye aliyeongoza upande wa elimu. Ngumbaru iliyozoeleka nchini ilikuwa ya kukariri silabi zisizo na maana kwa mtu mzima. Kamĩrĩĩthũ walifuata njia ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil: wanafunzi wanaanza kwa kuzungumzia maisha yao wenyewe, mshahara, ardhi, bei ya unga, kisha maneno yaliyotoka vinywani mwao ndiyo yanayoandikwa ubaoni. Mtu alijifunza kusoma na papo hapo akawa anahoji kile anachokisoma.

Swali likazuka: aliyejua kusoma asome nini? Na jioni, baada ya darasa, watu wafanye nini? Jibu la kamati lilikuwa mchezo wa kuigiza.

Wakati huo ukumbi mkubwa wa Kenya National Theatre, ulio mkabala na Hoteli ya Norfolk, ulitawaliwa na michezo ya Kizungu. Mwaka 1976 mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ulilazimika kupigania siku chache tu za kuonyeshwa humo. Kamĩrĩĩthũ hawakuwa na haja ya kupiga foleni kwenye mlango huo. Waliamua kujenga wa kwao.

Njiti za kiberiti

Mchoro wa ukumbi haukutoka kwa mhandisi. Kikundi cha vijana kilikaa chini, kikapanga njiti za kiberiti ardhini kuonyesha jukwaa liwe wapi na watazamaji wakae vipi, kisha kikaunda mfano mdogo, na mfano huo ndio uliofuatwa. Watu walijitolea kufanya kazi hiyo siku zao za mapumziko. Kilichosimama mwishoni kilikuwa ukumbi wa wazi usio na paa, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000.

Mchezo nao ulijengwa vivyo hivyo. Wale Ngũgĩ wawili walipewa kazi ya kuandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Rasimu iliposomwa mbele ya kijiji, haikubaki ya waandishi. Wazee walikataa maneno waliyowekewa wazee wenzao mchezoni: mzee haongei hivi, walisema, na methali hii haitumiki hapa. Wanawake walirekebisha nyimbo na taratibu za sherehe walizozijua tangu usichana wao. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu waliwaeleza waandishi, kwa hesabu, jinsi thamani ya jozi wanazotengeneza inavyowapita mbali mishahara yao. Zilipohitajika bunduki za bandia, alizitengeneza mtu aliyewahi kuwatengenezea wapiganaji wa Mau Mau bunduki za kweli.

Mazoezi, chini ya uongozi wa Kĩmani Gecaũ, yalianza katikati ya mwaka 1977, nayo yalifanyika peupe. Mwongozaji wa kawaida huficha kazi yake mpaka siku ya kwanza, ili watazamaji washangae. Hapa kila mwenye nafasi alisimama kando akatazama mwigizaji akikosea, akamsahihisha, na baadhi wakaishia kupanda jukwaani. Siku ya kwanza ilipowadia, sehemu kubwa ya watazamaji walikuwa wanaujua mchezo kwa moyo.

Kisa chenyewe ni chepesi kukielewa. Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba lake anaitunza kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Tajiri Ahab Kĩoi, mcha Mungu wa mdomoni, anaitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kiwanda cha dawa za wadudu anachotaka kukianzisha na wageni. Kĩgũũnda na mkewe wanashawishiwa wafunge ndoa ya kanisani, wanachukua mkopo wa benki kugharamia sherehe, na wanaweka hati ya shamba rehani. Mtoto wa Kĩoi anamtia mimba Gathoni, binti yao, kisha anamkana, na mwishowe shamba linakwenda. Hakuna mtu Limuru aliyehitaji kufafanuliwa kisa hicho. Wengi walikuwa na jirani aliyepoteza shamba kwa njia kama hiyo, au walikuwa wamelipoteza wenyewe.

Wiki sita

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa miguu, kwa matatu na kwa mabasi ya kukodi kutoka mbali. Siku moja mvua ilikatisha mchezo zaidi ya mara moja. Watazamaji waliingoja ipite, wakadai mchezo uendelee.

Tarehe 16 Novemba serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilifuta leseni kupitia kwa mkuu wa wilaya ya Kiambu. Mchezo ulidaiwa kuwagombanisha matajiri na maskini. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba polisi walimchukua Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake. Amri ya kumweka kizuizini ilitiwa saini na Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani, Daniel arap Moi. Hakufunguliwa mashtaka wala hakufikishwa mahakamani.

Katika gereza la Kamiti, Ngũgĩ aliandika kwenye karatasi za chooni riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwa Kikuyu. Uamuzi huo wa lugha ulitoka moja kwa moja Kamĩrĩĩthũ: miezi ile ya mazoezi ilimwonyesha ni wasomaji gani walikuwa wamemkosa kwa miaka yote aliyoandika kwa Kiingereza. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, miezi kadhaa baada ya kifo cha Kenyatta. Kazi yake chuoni hakurudishiwa.

Mama Niimbie

Serikali iliutegemea ule msemo kwamba kufa kwa mdomo, mate hutawanyika. Ilimwona Ngũgĩ kuwa ndiye mdomo. Lakini kituo kilikuwa na kamati yake, waigizaji wake na uwanja wake, na mwandishi alipotoka kizuizini alikuta watu wanadai mchezo mwingine. Novemba 1981 mazoezi ya Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, yalianza, na waliojitokeza kushiriki walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza.

Mchezo huu wa nyimbo na ngoma ulirudi nyuma hadi enzi za mkoloni, wakati wa kipande na kazi za kulazimishwa, na ulichukua nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Ulikuwa pia jibu kwa lawama iliyokuwa na uzito: ikiwa ukombozi unasemwa kwa Kikuyu peke yake, Mkenya wa Kisumu au wa Lamu atausikiaje? Kamĩrĩĩthũ hawakulimaliza swali hilo, na halijaisha hadi leo. Walichokifanya ni kuimba kwa lugha za wenzao, na kupeleka mchezo wao katika jumba la taifa.

Ulipangwa kufunguliwa Kenya National Theatre tarehe 19 Februari 1982. Leseni haikutolewa. Waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wako nje. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na walichokiita mazoezi, kwa kuwa mazoezi hayakuhitaji leseni. Habari zilienea, na kwa makadirio ya waandaaji zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameyatazama kabla chuo nacho hakijaamriwa kuwafungia nje.

Alhamisi tarehe 11 Machi 1982 serikali, sasa ya Rais Moi, ilipiga marufuku kituo chenyewe na michezo yote ya kuigiza katika eneo hilo. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yaliingia kijijini, na ukumbi uliochorwa kwa njiti za kiberiti ukabomolewa wote.

Baada ya malori

Juni mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alisafiri kwenda London kuzindua kitabu, na ikawa mwanzo wa uhamisho wa miaka mingi. Alifariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe. Gecaũ alifundisha katika chuo kikuu cha huko, naye Ngũgĩ wa Mĩriĩ akaandaa vikundi vya michezo ya kuigiza vya vijijini na mitaani, kazi aliyoendelea nayo hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 2008. Njia ya Kamĩrĩĩthũ ya kukaa na watu, kuwasikiliza na kutunga nao ilipata nchi nyingine ya kufanyia kazi.

Kijiji chenyewe hakikuwa na pa kukimbilia. Kwenye kiwanja chao serikali ilijenga chuo cha ufundi kwa vijana, jambo ambalo si baya, isipokuwa halikuwa lile waliloomba. Waigizaji, wakiwemo wanawake wengi, walirudi kwenye chai na kiwandani, na majina yao hayamo katika vitabu vingi vya fasihi. Mchezo wao ulichapishwa mwaka 1980, ukatafsiriwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na Mei 2022 ulirudi jukwaani, safari hii jijini Nairobi, ndani ya Kenya National Theatre.

Kwanza ilifutwa leseni, kisha akafungwa mwandishi, mwishowe zikavunjwa mbao. Kila hatua ililenga kitu kinachoonekana, huku kilichowatia hofu wakubwa kikiwa utaratibu: watu wa kawaida kukutana kila wiki, kuyapima maisha yao kwa sauti, kubishana yangeweza kuwa vipi, kisha kupanda jukwaani na kuonyesha. Mtu aliyezoea kumsahihisha profesa hadharani hawezi tena kuambiwa na chifu anyamaze akanyamaza.

Hofu hiyo haijatoka. Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza wakiwa na Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu vijana na utawala. Malala alikamatwa, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Hata hivyo, walifika pale kwa amri ya Mahakama Kuu, na kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Wanakijiji wa mwaka 1977 hawakuwa na amri ya mahakama wala kifungu kama hicho cha kukimbilia. Walikuwa na ekari nne na kamati, na sehemu ya haki ambayo wasichana wa Butere waliidai ilianza kudaiwa pale.