Marini (chama cha beni)

Marini ni mmojawapo wa mirengo miwili mikuu ya ngoma ya beni katika Tanganyika na nchi jirani, uliovuma hasa kati ya Vita Kuu mbili za karne ya 20. Mpinzani wake alikuwa Arinoti. Kila mrengo ulijiundia dola ya kuigiza yenye mfalme, majenerali, makarani na raia wake, na dola hizo zikashindana kwa gwaride, nyimbo na karamu. Marini, waliojipa jina la wanamaji, ndio waliotetea ukoo, ustaarabu wa pwani na heshima ya wakubwa. Kwa sababu hiyo ni haki kukiita chama cha kihafidhina, ingawa hakikuwahi kusimamisha mgombea.

Chimbuko

Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana walipoanza kuiga bendi za matarumbeta za wakoloni na za misheni. Mashindano yenyewe yalikuwa ya zamani kuliko matarumbeta. Lamu ilikuwa tayari imegawanyika kati ya Mkomani, mtaa wa wenye nyumba za mawe na nasaba ndefu, na Langoni, mtaa wa wageni na wafanyabiashara wadogo. Ngoma mpya ikaingia katika ufa uleule. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, hawa wa pili wakivaa kama askari wa Uskoti. Kusini, katika miji ya Tanga na Dar es Salaam, majina yaliyoshika ni Marini na Arinoti.

Dola ya kuigiza

Marini ilikuwa na mpangilio ambao afisa yeyote wa serikali angeutambua. Juu alikaa mfalme, ambaye huko Tanganyika aliweza kuitwa Kingi au Kaizari kulingana na nani alitawala wakati huo. Chini yake walifuata majenerali, makapteni, madaktari na makarani, na wanawake nao walikuwa na safu yao ya vyeo. Cheo hakikuwa mapambo. Mwenye cheo alitoa amri, alipigiwa saluti, alihukumu ugomvi wa wanachama na kutoza faini, na alitarajiwa kutoa mali yake pale chama kilipoandaa karamu. Barua ziliandikwa kwa Kiswahili safi kutoka tawi hadi tawi.

Wanachama wa Marini walitoka zaidi katika familia za waungwana wa Kiswahili na Kiarabu, pamoja na makarani na watu wengine waliojua kusoma. Sare zao zilikuwa nyeupe, zimepigwa pasi, na mwendo wao wa gwaride ulikuwa wa utulivu. Arinoti walikusanya zaidi watu wa bara, vibarua na wenye asili ya utumwa, na Marini hawakuona haya kuwaita wachafu. Dharau hiyo ndiyo sura mbaya ya chama hiki, na haifai kufichwa: uzuri wa nidhamu yake ulisimama juu ya kumkumbusha mwenzako babu yake alikuwa nani. Hata hivyo Arinoti walijibu kwa nyimbo kali, na mara nyingi walikuwa wengi zaidi.

Jambo linalosahaulika upesi ni msaada. Mwanachama aliyefika mji mgeni alipokelewa na wenzake wa mrengo uleule, akapewa pa kulala na chakula. Aliyeugua aliangaliwa, na aliyefariki alizikwa kwa heshima inayolingana na cheo chake. Kwa watu waliohama kufuata kazi za reli, bandari na mashamba, msaada huu ulikuwa na uzito kuliko ngoma yenyewe.

Vita na kuenea

Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoifikisha beni bara. Askari, wapagazi na mateka wa pande zote mbili waliishi kambini pamoja kwa miezi mingi, na waliporudi kwao walirudi na vyeo na midundo. Baada ya vita matawi ya Marini na Arinoti yalikuwepo katika miji mingi ya Tanganyika, na beni ikavuka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waingereza waliingiwa na hofu kwamba huu ulikuwa mtandao wa siri wa Waafrika. Upelelezi wao haukuonyesha njama yoyote ya kuipindua serikali, na Marini hasa, waliopenda kujinasibisha na wafalme na magavana, walikuwa watu wa mwisho kufikiria uasi.

Hofu ilirudi mwaka 1935, wakati wa mgomo wa wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini. Tume iliyouchunguza ilizungumzia pia chama cha mbeni, yaani beni ya huko, kwa sababu kilikuwa na uongozi na njia ya kupitisha habari.

Ziwa Tanganyika na Kongo

Vita hivyohivyo viliwahusisha pia Wabelgiji wa Kongo. Jeshi lao lililokuwa kati ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, kwenye bonde la Ruzizi na upande wa Uvira, lilisonga mbele mwaka 1916, likateka Kigoma mwezi Julai na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba. Wabelgiji walibaki Kigoma na Ujiji hadi 1921. Kwa miaka hiyo kingo zote mbili za kaskazini mwa ziwa, kuanzia Ujiji hadi pale mto Mulongwe unapomwaga maji yake Uvira, zilikuwa chini ya bendera moja, na Kiswahili kilitumika pande zote mbili. Katika miaka ya 1920 beni ilikuwa imefika hadi mji wa Élisabethville huko Kongo, ambako vyeo vya kuigiza vilifuata utawala wa Kibelgiji.

Lawama

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapisha barua za wasomaji waliolaumu beni kwa kumaliza fedha na kuzua uadui. Karamu za kushindana zilikula ng'ombe na mchele kupita kiasi, na wapo walioingia madeni.

Kufifia

Baada ya 1945 vijana walihamia kwenye dansi, vilabu vya mpira na vyama vya wafanyakazi, kisha siasa ikachukua nafasi. Mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Pembezoni mwa Ziwa Nyasa, ngoma za mganda na malipenga, zilizotokana na beni, bado huchezwa kwa gwaride, sare nyeupe na vyeo.