Daktari wa Sonona Aliye Mbali

Siku hizi tunaambiwa kwamba mtu mwenye sonona anaweza kutibiwa kwa simu bila kutoka chumbani mwake. Wengi hudhani jambo hili limeletwa na simu za mkononi pamoja na UVIKO-19 wa mwaka 2020. La hasha, lina umri wa babu.

Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alitangaza namba ya simu ya kanisa lake ili mtu aliyefikia kutaka kujiua aipige kwanza. Watu walipiga, wengine wakaja wenyewe hadi wakamzidi nguvu. Waliokuwa wakisubiri zamu walikaribishwa chai na watu waliojitolea, wakakaa nao na kuwasikiliza. Kasisi akaja kuona kwamba baadhi yao, baada ya chai ile, hawakuwa na haja tena ya kumwona yeye. Habari hii ya chai hunifurahisha kuliko mitambo yote nitakayoitaja. Mwaka 1954 aliwakabidhi kazi hao waliojitolea, na chama chao, Samaritans, kipo hadi leo.

Wamarekani wao walitumia televisheni. Mwaka 1959 Dk. Cecil Wittson na wenzake huko Omaha, Nebraska, waliendesha tiba ya vikundi kwa televisheni ya pande mbili, daktari na wagonjwa wakionana na kusikizana. Mwaka 1964 wakaiunganisha Omaha na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi. Mwaka 1968 hospitali moja kubwa ya Boston nayo ikaunganishwa na kliniki ya uwanja wa ndege wa Logan.

Sasa tazama jambo moja. Kule Norfolk mgonjwa alikuwa hospitalini, na pale Logan walikuwapo wauguzi. Daktari alikuwa mbali, lakini mgonjwa hakuachwa peke yake na mtambo. Sisi tumeichukua simu tu, yule wa karibu tumemsahau.

Mgonjwa wa Manzese au Mathare anaishi chumba kimoja na wenzake. Atamweleza nini daktari, ilhali shemeji kajilaza pale pale na mpangaji wa pili anasikia kila neno? Atajibu kwamba hajambo, na salio litakwisha. Daktari naye hatajua kuwa mtu huyu hajatia kitu kinywani tangu juzi.

Nauli ya kutoka Kigoma hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma, si ya mchezo, kwa hiyo simu hii tunaihitaji sana. Ila zahanati ya mtaa itenge chumba chenye mlango unaofungika, gharama ya simu iwe juu yake, na awepo muuguzi wa kumpokea mgonjwa anapomaliza kuongea na daktari, amuulize kama amekula na nani atalala naye nyumbani usiku huo.