Ukishaipunguza Picha, Hairudi

Wadau, leo tuongee habari ya kupunguza picha. Najua wengi wanaiona kazi ndogo: mpiga picha analeta faili kubwa, kijana wa tovuti analifungua, anaandika pikseli 400 za upana, anabonyeza, kwisha kazi. Lakini mambo haya yana historia ndefu kuliko intaneti yenyewe, na ndani yake kuna jambo linalotuhusu sana sisi tunaokula kwa kuandika habari.

Tuanzie Marekani, mwaka 1957. Russell Kirsch na wenzake, katika taasisi ya serikali inayoshughulika na viwango na vipimo, walitengeneza skana na kuiunganisha na kompyuta iliyoitwa SEAC. Kirsch akachukua picha ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu, akaipitisha humo. Ikatoka picha ya pikseli 176 kwa 176, yaani vidoti 30,976 tu, kila kimoja ama cheusi ama cheupe. Si kwamba Kirsch alipenda picha ndogo. Kompyuta ile haikuwa na nafasi zaidi kwenye kumbukumbu yake.

Uhaba ule ule ukahamia kwenye waya. Mwaka 1992 ilipitishwa JPEG, njia ya kulibana faili la picha kwa kutupa yale ambayo jicho haliyatambui sana. Mwaka uliofuata ikaja Mosaic, programu iliyoonyesha picha na maandishi kwenye ukurasa mmoja. Raha tupu, ila njia ilikuwa nyembamba. Hata miaka kadhaa baadaye, modemu ya simu ya 56k, ikijitahidi sana, ilipitisha kilobaiti 7 kwa sekunde. Piga hesabu: picha ya kilobaiti 1,400 ni sekunde 200, zaidi ya dakika tatu. Ipunguze mpaka kilobaiti 42, inafika kwa sekunde 6. Nani asingepunguza?

Huku kwetu Afrika Mashariki hali ilikuwa ngumu zaidi, maana mpaka mikongo ya baharini ilipoanza kufika mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kuruka. Mtu akiwa intaneti kafe alilipia muda, hivyo kila picha nzito ilikuwa inakula hela ya msomaji. Ndiyo maana wazee wa libeneke, waliposhika blogu katikati ya miaka ya 2000, walijifunza mapema kupunguza picha. Ilikuwa ni kumheshimu msomaji.

Sasa, nini hasa hutokea? Kwa kompyuta, rangi ni namba. Tuseme pikseli nne za jirani zina 10, 20, 30 na 40. Ukiipunguza picha nusu kwa upana na nusu kwa urefu, hizo nne zinakuwa moja, na njia rahisi ni kuchukua wastani: 25. Haya, rudi nyuma. Ukiwa na 25 mkononi, utajuaje kwamba zilikuwa 10, 20, 30 na 40, na siyo 25 zote nne? Hujui, na kompyuta haijui. Mwaka 1981 Robert Keys alichapisha hesabu inayoangalia pikseli 16 za jirani, na hesabu za ukoo huo zimo kwenye programu nyingi za picha mpaka leo. Picha ikikuzwa kwa njia hiyo inatoka laini. Lakini ulaini si ukweli.

Mwaka 2020 jambo hili lilianikwa juani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa programu ya PULSE, inayopokea sura ya pikseli chache na kutengeneza sura kamili inayoweza kulingana nayo. Mtu akaipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa mpaka imebaki vijisanduku. Ikatoka sura ya Mzungu! Obama, ambaye baba yake ni Mluo wa Kenya. Na programu haikuwa mbovu. Kazi yake ilikuwa kubuni sura ambayo ukiipunguza itafanana na ile ndogo, nayo ilikisia kufuatana na sura ilizofunzwa, ambamo Wazungu walikuwa wengi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Nimeshatafuta picha za mikutano ya miaka ile kwa ajili ya makala, nikaambulia kijipicha cha pikseli 400. Umati umekuwa ukungu, mabango hayasomeki. Ile kubwa ilifutwa au iliandikiwa juu, kwa kuwa nafasi kwenye diski nayo ilikuwa ghali. Leo mtu atakwambia ikuze kwa akili mnemba. Itakupa nyuso safi na bango lenye maneno. Nyuso za nani? Maneno ya nani? Waliosimama juani siku ile walikuwa na sura zao, na walichoandika walikiandika wenyewe.

Kwa hiyo tupunguze, maana bando bado linaliwa na si kila msomaji ana simu kali. Ila tupunguze nakala, tuihifadhi kwa jina jingine, na ile kubwa tuiache kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na tarehe, mahali na jina la mpiga picha. Kirsch hakuwa na nafasi. Sisi tunayo.