Kutoka Swali la Umeme Hadi Ubao Mweupe

Mwaka 1945, binti wa mkulima kutoka Missouri, mwenye shahada mpya ya hisabati, alisailiwa na Herman Goldstine, ofisa wa jeshi la Marekani. Jean Jennings hakuulizwa habari za kompyuta, maana karibu hakuna aliyekuwa ameiona. Aliulizwa anauonaje umeme. Akajibu kwamba amesoma fizikia chuoni na kanuni zake anazijua. Goldstine hakutaka hilo. Alitaka kujua kama anauogopa. Hakuuogopa, akachukuliwa. Akawa mmoja wa wanawake sita walioipangia kazi ENIAC, mashine yenye vali zipatazo 18,000, iliyojengwa Philadelphia ili kukokotoa mwendo wa makombora ya mizinga.

Kazi hiyo haikuwa na shule wala kitabu. Wale sita walijifunza kwa kuisoma michoro ya mashine yenyewe na kuwauliza waliokuwa wakiijenga. Usaili ulipima moyo tu. Mengine waliyapata kazini.

Miaka kumi baadaye hali ilikuwa imebadilika. IBM ilikuwa ikikodisha kompyuta kwa benki, kampuni za bima na idara za serikali, na kila mteja alihitaji watu wa kuziandikia programu. Watu hao hawakuwepo, na waajiri hawakujua wawatambueje. Mwaka 1955 IBM ikatunga mtihani wa kupima kipaji: endeleza mfululizo wa namba, linganisha maumbo, fanya hesabu za maneno, huku saa ikikimbia. Kuandika programu hakukuwamo. Mwanahistoria Nathan Ensmenger anaeleza kwamba mwaka 1967 pekee zaidi ya watu 700,000 waliufanya.

Je, ulifaa? Tafiti za miaka hiyohiyo ziliona uhusiano hafifu kati ya alama za mtihani na ubora wa mtu kazini. Lakini haukuachwa, na sababu yake inaeleweka: ulikuwa rahisi kusahihisha, na meneja mwenye barua mia mbili za maombi mezani alipata njia ya kuzipunguza. Ensmenger anaongeza jambo zito zaidi. Majibu ya mtihani yalizunguka katika vyama vya wanaume, vikiwemo vya wanafunzi wa vyuo, mahali ambapo wanawake hawakuwa na mlango wa kuingilia. Kazi iliyoanzishwa na akina Jennings ilianza kuwafungia nje wenzao.

Kisha wakaja wanasaikolojia. Mwaka 1966 William Cannon na Dallas Perry waliwachunguza wanaprogramu 1,378, ambao kati yao wanawake walikuwa 186 tu. Walihitimisha kwamba mwanaprogramu anayeridhika na kazi yake hupenda mafumbo na hapendi kushughulika na watu. Taswira hiyo ikawa kigezo cha kuajiri, na kigezo kikazaa watu wa aina hiyohiyo, ambao nao wakaja kuwasaili wengine.

Mapenzi ya mafumbo yalikuwa na mizizi pengine pia. Mwaka 1957 William Shockley, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alimsaili mhandisi Jim Gibbons huku akiwa na saa mkononi: mashindano ya tenisi yana wachezaji 127, je, zitachezwa mechi ngapi hadi apatikane bingwa? Gibbons alijibu papo hapo: 126, kwa kuwa kila mechi humtoa mchezaji mmoja. Miongo kadhaa baadaye Microsoft ilisifika kwa chemsha bongo za namna hiyo, maarufu zaidi ikiwa ile ya kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya mviringo. Google nayo, mwaka 2004, ilisimamisha bango la fumbo la hisabati kando ya barabara kuu huko California ili kuwavuta waombaji. Mwaka 2013 mkuu wake wa rasilimali watu, Laszlo Bock, alikiri hadharani kwamba chemsha bongo hazitabiri chochote, zaidi ya kumfanya msaili ajione ana akili.

Nafasi ya chemsha bongo ilichukuliwa na ubao mweupe. Mwombaji husimama, hupewa tatizo la algoriti, huandika msimbo kwa kalamu na kueleza kila anachowaza, huku wasaili wakimtazama. Kitabu cha Gayle Laakmann McDowell cha kujiandaa na usaili huo kilitoka mwaka 2008, na toleo lake la sita lina maswali 189. Watu wenye kazi na familia walianza kukesha wakifanya mazoezi ya mambo ambayo kazini wangeyahitaji kwa nadra. Mwaka 2015 Max Howell, mtunzi wa Homebrew, programu iliyokuwa ikitumiwa na wahandisi wengi, alitangaza kwamba Google imemkataa kwa sababu hakuweza kugeuza mti wa binari (mpangilio wa data wenye matawi mawilimawili) ubaoni.

Afrika Mashariki ilionja njia nyingine. Andela, kampuni ya kuwaandaa wanaprogramu iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, ilianza na mtihani na usaili, lakini waliopita waliingia kambi ya wiki mbili, wakiandika programu kwelikweli mbele ya watakaowachagua. Mchujo ulikuwa mkali, ila angalau ulifanana na kazi.

Ushahidi unaouma zaidi ulitoka North Carolina State University mwaka 2020. Wanafunzi 48 walipewa tatizo la kutatua ubaoni. Nusu walikuwa na mtazamaji na walitakiwa kueleza mawazo yao. Nusu walikuwa peke yao chumbani. Ufanisi wa waliotazamwa ulikuwa chini ya nusu ya ule wa wenzao. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wote waliokuwa peke yao walifaulu. Walikuwa wachache mno kuweza kujenga hoja ya mwisho juu yao, lakini matokeo hayo yanatisha kwa yeyote anayejali nani anaachwa nje.

Baadaye usaili ulihamia kwenye video, kisha akili mnemba ikaanza kuwanong'oneza waombaji majibu. Mwaka 2025 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisema kampuni itahakikisha angalau duru moja inafanyika ana kwa ana. Wanaopanga kurudi chumbani wanaweza kuiga jaribio lile la 2020: mwombaji apewe tatizo, msaili atoke nje kwa nusu saa, kisha arudi amsikilize akieleza alichoandika.