Karanga Ndani ya Chokoleti: Historia ya Keki Inayobubujika



Sterling ni mji wa wilaya ya Loudoun, jimbo la Virginia, magharibi ya Washington. Wasafiri wengi kutoka Afrika Mashariki wameupita bila kuujua, kwani umepakana na uwanja wa ndege wa Dulles, uliofunguliwa mwaka 1962. Zamani palikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa na kituo kidogo cha reli. Leo wanaishi hapa Wamarekani, Wasalvador, Wahindi, Wahabeshi na watu wa mataifa mengine mengi. Katika migahawa ya mitaa kama hii, mlo ukimalizika mhudumu hukuuliza kama ungependa keki ya chokoleti ya mtu mmoja, inayoletwa mezani ikiwa moto. Ukiipasua kwa kijiko, moyo wake hububujika. Wanaoipika nyumbani huongeza jambo moja: kabla ya kuitia keki katika tanuri, huificha ndani yake donge la siagi ya karanga.

Ni keki ndogo, ila imezua ugomvi mkubwa, na viungo vyake viwili vina historia inayotuhusu sisi zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na ugomvi. Jean-Georges Vongerichten, mpishi mzaliwa wa Alsace nchini Ufaransa, anasema keki hii aliipata New York mwaka 1987, alipokuwa akiongoza mgahawa wa Lafayette. Kwa maelezo yake, keki za karamu zilitolewa tanurini kabla hazijaiva, zikapelekwa mezani hivyo hivyo, na wageni wakazishangilia. Wafaransa wenzake hawakukubali. Michel Bras, mpishi wa kijiji cha Laguiole, alikuwa amekwisha kuiuza keki ya namna hiyo tangu mwaka 1981, baada ya majaribio ya miaka miwili. Yeye anasema wazo lilimjia aliporudi na jamaa zake kutoka kuteleza kwenye theluji, wakanywa chokoleti ya moto ili kupasha miili.

Tofauti ya mabwana hawa wawili si ya tarehe tu. Keki ya Vongerichten ni mchanganyiko mmoja wa mayai, siagi, sukari, chokoleti na unga kidogo sana, unaopikwa kwa moto mkali wa nyuzi 230 hivi za Selsiasi kwa dakika chache. Kingo zinashikana, katikati hapajashikana, na hicho kinachotiririka ni keki mbichi. Bras alitumia njia nyingine. Aligandisha bonge la chokoleti na malai, akalizika ndani ya unga wa keki, akaoka mpaka keki yote ikaiva huku bonge likiyeyuka. Chokoleti huyeyuka katika joto lisilofikia hata lile la mwili wa binadamu, ilhali yai huhitaji nyuzi zaidi ya 60 ili ligande. Bras alijipenyeza katika nafasi iliyo kati ya joto hizo mbili.

Keki yenye karanga ni mtoto wa Bras, hata kama anayeipika hajapata kumsikia. Siagi ya karanga inachanganywa na sukari laini, inafanywa vidonge, inagandishwa, kisha kila kidonge kinafunikwa na unga wa chokoleti katika kibakuli kidogo kilichopakwa siagi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora, kwani karanga zilizokaangwa na kusagwa zimekwisha kuiva. Mpishi anaweza kuiacha keki tanurini dakika mbili zaidi bila hofu ya kuupoteza moyo wake, na bila kumlisha mtoto yai bichi.

Lakini kuna aliyewatangulia wote wawili, naye hakuwa mpishi wa mgahawa wala hakuwa mwanamume. Mwaka 1966, Ella Helfrich, mama wa nyumbani wa Houston, Texas, alishiriki katika mashindano ya uokaji ya kampuni ya unga ya Pillsbury. Keki yake ya mviringo yenye tundu katikati ilificha ndani mkondo wa chokoleti laini, na ilikuwa na njugu za jozi kwa wingi. Bila njugu hizo, maelekezo yalionya, keki haifaulu. Alipata nafasi ya pili na dola 5,000. Nani alishika nafasi ya kwanza? Wachache sana wanakumbuka. Sufuria ya keki ile, iliyobuniwa mwaka 1950 na H. David Dalquist wa Minnesota kwa ombi la kina mama wa chama cha Kiyahudi cha Hadassah, ilikuwa haiuziki vizuri. Baada ya mashindano, kiwanda kililazimika kufanya kazi usiku na mchana. Hata hivyo, vitabu vinapotaja asili ya keki inayobubujika, majina ya wanaume wawili wa Kifaransa hutangulia, na bibi wa Houston huja katika tanbihi, kama anakuja.

Sasa tuzitazame njugu zenyewe. Kwa nini zimo ndani ya chokoleti? Jibu la historia ni dhiki. Wakati wa vita vya Napoleon, kakao iliadimika kaskazini mwa Italia, na baadaye katika karne hiyo ya 19 watengenezaji wa Turin walikuwa wakiichanganya na njugu za milima ya jirani, zile ambazo Waarabu huziita bunduq, neno lililozaa "bunduki" yetu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dhiki ilirudi. Mwaka 1946 Pietro Ferrero, mwoka mikate wa mji wa Alba, alianza kuuza mchanganyiko wa njugu na kakao kidogo. Mwaka 1964 mwanawe aliufanya laini na kuuita Nutella. Marekani karanga zilifanya kazi hiyo hiyo: H. B. Reese, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya maziwa ya Hershey, alianza mwaka 1928 kuuza vikombe vya chokoleti vilivyojazwa siagi ya karanga. Karanga zilikuwa rahisi, chokoleti ghali.

Katika mwaka huo huo wa 1946, serikali ya Uingereza nayo ilikuwa ikihangaika kutafuta mafuta ya kula, na macho yake yakaangukia Tanganyika. Wazee wa Kongwa, Nachingwea na Urambo waliusimulia sana mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Zilitazamiwa ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matingatinga, hata vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua ikakosekana, mibuyu ikavunja mashine. Mwezi Januari 1951 mradi ulitangazwa kufutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Wagogo walikuwa wakiijua ardhi hiyo na ukame wake vizazi kwa vizazi. Kilichobaki cha maana ni bandari ya Mtwara, ambayo baadaye ilikuja kusafirisha korosho, njugu nyingine iliyoletwa na Wareno.

Karanga nazo ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kama kakao. Wareno walizifikisha Afrika, Waafrika wakazipokea kwa wepesi kwa kuwa walikuwa na njugumawe zao zinazozaa chini ya ardhi vivyo hivyo, kisha zikavuka tena bahari pamoja na watumwa. Ushahidi umo katika lugha. Kusini mwa Marekani wazee huita karanga "goober", na neno hilo limetoka katika Kikongo, "nguba". Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani na mmiliki wa watumwa, aliandika habari za karanga katika kumbukumbu za shamba lake la Monticello, humu humu Virginia, mwaka 1794. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa chakula cha watumwa na cha nguruwe. Kilimo chake cha biashara kilianza kusini-mashariki mwa jimbo hili miaka ya 1840, na mpaka leo aina ya karanga kubwa kuliko zote zinazouzwa Marekani huitwa kwa jina la Virginia. Jina la aliyeipanda mbegu ya kwanza halikuandikwa popote.

Mtu wa pwani yetu hatashangazwa na karanga kukutana na sukari. Kashata ya karanga ilikuwa ikiuzwa kando ya kahawa Mombasa na Zanzibar kabla Sterling haijajengwa nyumba zake za kisasa. Kilichokosekana kwetu ni chokoleti, na sababu haikuwa ukosefu wa kakao. Wilaya ya Kyela, kusini mwa Tanzania, inailima kwa wingi. Bundibugyo nchini Uganda vilevile, na Beni huko Kongo, ambako wakulima wameuawa mashambani mwao na makundi yenye silaha. Punje hukaushwa juani na kupelekwa ng'ambo. Mwendo mfupi tu kutoka Sterling, huko McLean, yako makao makuu ya Mars, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za chokoleti duniani.

Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia saini makubaliano na wabunge wa Marekani ya kukomesha aina mbaya kabisa za ajira ya watoto katika mashamba ya kakao ya Afrika Magharibi. Muda uliowekwa ulikuwa mwaka 2005. Ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, na watoto wangali mashambani.

Mwezi Desemba 2024 bei ya kakao katika soko la New York iliweka rekodi mpya, zaidi ya dola 12,000 kwa tani, kwa sababu ya mvua mbaya na magonjwa ya mikakao nchini Ghana na Côte d'Ivoire. Katika minada ya stakabadhi ghalani ya Kyela wakulima walipata bei ambazo baba zao hawakuziota. Mwaka uliofuata bei iliporomoka hadi nusu yake hivi. Na viwanda, kama vile vya Turin katika karne ya 19, vilikuwa vimekwisha kuanza kupunguza kakao katika peremende zao na kuongeza njugu.