Enzi za Kulala Chini ya Gari

Model T, gari ambalo kampuni ya Ford ilianza kuliuza mwaka 1908, halikuwa na kijiti cha kupimia oili. Mwenye gari alilala chini yake akafungua vibomba viwili vidogo vilivyopachikwa nyuma ya injini, kimoja juu ya kingine. Cha chini kisipotoa kitu, aliongeza oili. Cha juu kikichuruzika, ilikuwa imezidi. Petroli nayo ilipimwa kwa kuinua kiti cha mbele na kutumbukiza ufito kwenye tangi.

Pampu ya oili haikuwepo pia. Flaiwili ilizunguka ndani ya oili na kuirusha, bomba likaidaka na kuipeleka mbele ya injini. Maji ya rejeta, ukiacha magari ya mwanzo kabisa, yalijizungusha yenyewe: ya moto yalipanda, ya baridi yakashuka. Yakipungua chini ya bomba la juu, mzunguko ulikatika na gari likachemsha.

Kitabu cha Ford kiliandikwa kwa maswali na majibu, kwa watu wasiojua ufundi. Kilimtaka mwenye gari jipya kumwaga oili baada ya maili 400, kisha kila maili 750 hivi, yaani kilomita 1,200. Magari mengi ya leo huenda kilomita 5,000 hadi 10,000, mengine zaidi.

Vimiminika vilivyofuata vilimpunguzia dereva kazi na kumwongezea fundi wateja. Breki za fito na nyaya, mwenye gari aliweza kuzikaza mwenyewe zilipolegea. Mwaka 1921 Duesenberg Model A ilikuja na breki za oili kwenye magurudumu yote manne. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani. Ikizeeka na kupata moto mkali kwenye mteremko mrefu, hutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni.

Gia ya otomatiki ilizidisha ugeni. Hydra-Matic iliingia kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na kwa miongo kadhaa oili za gia za aina hiyo zilichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yalistahimili joto na kulainisha mshiko wa klachi. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walilazimika kutafuta mbadala.

Katikati ya miaka ya 2000, BMW ilianza kutoa injini zisizo na kijiti kabisa. Kipimo husomwa kwenye skrini. Hata hivyo, jicho la mwenye gari halijapoteza kazi. Oili ya breki inayoshuka polepole huenda ikaonyesha kwamba pedi zimelika; ikishuka ghafla, kuna uvujaji. Maji ya rejeta yanayopungua kila wiki bila tone kuonekana chini ni jambo la kumpelekea fundi mapema. Na kijiti kikitoka na oili ya rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi maji yameingia kwenye injini kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gari la namna hiyo haliwashwi tena hata kwa safari ya kwenda gereji: ama huvutwa, ama fundi huitwa lilipo.